Swali la Saba

Emali,
12 Januari 2024

Kwa Mwalimu Jonah Kiema,
Migwani.

Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka Emali. Naitwa Wakiuru Ngure. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua tangu darasa la sita. Wazazi wangu wana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na nyuma ya magunia ya simiti ndiko nilikosomea vitabu vyako vyote vitano. Koplo Ndululu wako alinifundisha kumshuku kila mteja anayenunua kamba na sepetu siku moja. Ilibidi baba anikanye niache kuwakodolea watu macho, maana walianza kwenda duka la jirani.

Siku hizi naandika ukurasa katika Jarida la Kisima. Unaitwa Maswali Manane. Kila mwezi nachagua mtunzi mmoja wa hadithi za upelelezi na kumwandikia maswali manane. Saba ni yaleyale kwa kila mtu. Swali la saba namtungia kila mmoja lake. Walio hai hunijibu. Waliokufa, wale ambao ningetoa chochote nikae nao hata saa moja, nachapisha maswali peke yake, na chini ya kila swali naacha nafasi tupu. Kuna wasomaji wanaoninunia, wanasema nauza karatasi nyeupe. Waseme. Mimi siwezi kumtilia marehemu maneno mdomoni.

Nimeambiwa simu umeikataa na kwamba barua ndiyo njia ya kukufikia. Basi maswali haya hapa ndani, kwenye karatasi ya pili. Lako la saba ni hili: mwanzoni mwa kitabu chako cha pili umeandika, "Kwa Musyimi, atakayenipita." Musyimi ni nani, na je, amekupita?

Majibu yakinifikia kabla ya Februari kwisha, utakuwa katika toleo la Machi. Nimekuwekea ukurasa mzima tayari.

Msomaji wako wa miaka mingi,
Wakiuru Ngure


Migwani,
8 Aprili 2024

Kwa Wakiuru Ngure,

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa hatujaonana. Mimi ni Kasyoka, mke wa Mwalimu Kiema. Mwalimu alituacha tarehe tisa Machi. Alikuwa ameketi nje akichagua mawe kwenye ndengu, akasema anasikia baridi, na jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Tulipofika hospitali walituambia tumrudishe.

Jarida lako lililetwa na mwalimu mwenzake siku moja kabla ya mazishi. Sikujua kwamba alikujibu. Lakini hivyo ndivyo alivyokuwa, kazi yake hukuiona mpaka iishe. Waombolezaji waliniomba niwasomee, nikasimama nikasoma maswali yote na majibu yote. Nilipofika lile la saba sauti ilinikauka. Nayaandika hapa maneno yenyewe ili ujue ni yapi ninayokushukuru: "Musyimi ni mwanangu wa kwanza. Mlango wangu ni wake, na siku nikiondoka, mkono wake ndio utakaotangulia kunitupia udongo."

Labda hujui ulikuwa umebeba nini. Miaka kumi na mmoja iliyopita Musyimi aliokoka huko Tawa, ambako ana mashine ya kusaga unga. Kuokoka si ubaya, hata sisi ni watu wa kanisa. Ila mhubiri wao alikuwa akisema vitabu vya mauaji hufungulia mapepo mlango. Musyimi akaja hapa siku ambayo hatukuwa nyumbani, akachukua kitabu cha sita cha baba yake. Kilikuwa bado karatasi za taipu, nakala moja tu. Akaenda nacho, kikachomwa mbele ya kanisa pamoja na hirizi za watu. Mwalimu hakupiga kelele. Alimwita, akamwambia mbele yangu na mbele ya ndugu yake Mutisya: usikanyage boma langu tena, na siku nikifa usinitupie udongo. Neno kama hilo la mzazi sisi huliita kiumo. Nyinyi Wakikuyu mna lenu, kwa hivyo unajua halichezewi.

Siku ile ninasoma, Musyimi alikuwa amesimama nje ya ua, kwa jirani, na baba yake yuko ndani ya sanduku. Nilipomaliza nilituma aitwe. Aliingia. Siku ya pili yake akatupa udongo kabla ya watu wote, kwa mkono wa kulia, na nikaona mtu wa miaka arobaini na mbili akilia mpaka akakaa chini.

Hayo ni kwa sababu yako. Mungu akuzidishie.

Kasyoka Kiema


Kutoka: Wakiuru Ngure
Kwa: Gachanja, mhariri, Jarida la Kisima
15 Aprili 2024

Gachanja,

Soma barua hii niliyoipiga picha, kisha urudi hapa.

Umesoma? Sasa nikwambie kitu ambacho nilipaswa kukwambia Februari. Majibu kutoka Migwani hayakuja. Nilingoja mpaka tarehe ishirini na sita, wewe ukawa unanipigia simu kila asubuhi kuuliza ukurasa uko wapi, nikakaa chini nikamjibia. Yote manane. Nilijiona namjua. Nimesoma vile vitabu mpaka vikaachana majani. Najua anavyopenda sentensi fupi, najua anavyomkwepa mtu akiulizwa swali la moja kwa moja. Nikajiambia nitampelekea nakala, akikataa neno tutalisahihisha, na tena atafurahi kwamba kuna mtu amemwelewa hivyo.

Lile la saba ndilo nililichezea zaidi. Niliona "atakayenipita" nikakisia ni kifungua mimba. Na wazee wote katika hadithi zake, kabla hawajauawa, lazima waseme ni nani atakayewazika. Nikasema na yeye atasema hivyo. Nilipomaliza ile sentensi ya udongo niliisoma kwa sauti mara tatu. Niliipenda, Gachanja. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Sikuandika kwa sababu ya haraka peke yake, niliandika kwa sababu ilikuwa tamu.

Kuhusu ugomvi wao sikujua lolote. Naapa. Lakini mtu aliyeendesha gari bila breki haulizwi kama alijua kuna mtoto barabarani.

Kwa wafu wote nimekuwa mwaminifu, nikawaachia nafasi zao tupu. Huyu alikuwa hai. Huyu angeweza kuulizwa, na ndiye niliyemjibia.

Naomba tuchapishe masahihisho katika toleo la Mei.

Wakiuru


Kutoka: Gachanja
Kwa: Wakiuru Ngure
16 Aprili 2024

Wakiuru,

Nimesoma mara mbili. Si vizuri hata kidogo, na hili tutalizungumza, usidhani limepita. Lakini masahihisho hapana. Hebu fikiria tunachapisha nini: kwamba marehemu hakumsamehe mwanawe? Familia imepatana juu ya kaburi halafu sisi tuje na kikaratasi? Jarida litaumia, ndiyo, sitajifanya sijafikiria hilo. Lakini wao ndio wataumia zaidi.

Mama ameshukuru. Mjibu kwa adabu, mpe pole, unyamaze. Na toleo la Juni utaniletea mtunzi ambaye nitampigia simu mimi mwenyewe.

G.


Emali,
22 Aprili 2024

Mama Kasyoka,

Pole sana kwa msiba. Nimesikitika kuliko ninavyoweza kuandika. Mwalimu alikuwa sehemu ya utoto wangu.

Kuhusu yale uliyonishukuru, tafadhali usinishukuru. Sikufanya lolote linalostahili. Nimefurahi kwamba mwanao alimzika baba yake. Zaidi ya yaliyochapishwa sina la kuongeza.

Mungu awatie nguvu.

Wakiuru


Migwani,
2 Julai 2024

Mwanangu Wakiuru,

Natumaini hujambo huko na baridi hii ya Julai. Hapa tumevuna ndengu kidogo, mbaazi bado.

Nimekuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni zito. Mwezi wa tano Musyimi alikuwa akiweka mkanda kwenye mashine yake ya kusaga, ukamshika mkono. Haukukatwa, tunashukuru, lakini vidole vitatu havishiki kitu. Ni mkono wa kulia. Mutisya, shemeji yangu, alikuja kumwona akaketi kitako akasema mbele ya watu: huo ndio uliotupa udongo.

Tangu hapo ukoo haujalala. Musyimi alikuwa ameanza kufyatua matofali ili ajenge hapa nyumbani, amlete mkewe na watoto kutoka Tawa, mimi nisikae peke yangu. Mutisya amesimamisha. Anasema yeye alikisikia kiumo kwa masikio yake, na kukiondoa hajakisikia. Anasema karatasi haina masikio. Anataka yule aliyezungumza na Mwalimu aje asimame mbele ya wazee, aseme, "Mimi nilimwambia hivi, naye akanijibu hivi." Ukisema, Musyimi atajenga. Usipokuja, matofali yatabaki pale yalipo na mwanangu atarudi kusimama nje ya ua. Wamepanga Jumamosi, tarehe 17 Agosti.

Sijui kama kwenu inaruhusiwa mwanamke kijana kusimama mbele ya wazee. Hapa nimeshaomba, wamekubali.

Jambo la pili ni dogo. Nilikuwa nikitoa nguo za Mwalimu nizigawe. Ndani ya koti la kwendea kanisani kulikuwa na bahasha yenye jina lako na sanduku lako la posta, na stampu imebandikwa. Nadhani alitaka kukuandikia shukrani, miguu ikamkataa asifike posta. Sijaifungua. Ni yako. Nimeiweka humu.

Mama yako,
Kasyoka


Emali,
9 Julai 2024

Kwa Mwalimu Jonah Kiema, popote barua hii inapoweza kukukuta,

Bahasha yako imenifikia. Ilichelewa miezi minne na nusu, ikapitia kwa mjane wako.

Niliiacha juu ya mashine ya kukatia vioo siku nzima, nikiwapimia watu misumari. Mama yangu aliniuliza kama ni barua ya benki. Nilipoifungua nilikuta ukurasa mmoja, mwandiko wa mwalimu, kila jibu na namba yake. Tarehe ishirini Februari. Ulikuwa umemaliza kazi kabla ya wakati, na mimi ndiye niliyekosa subira ya kuuliza.

Acha nikwambie nilivyokosea. Swali la kwanza, nilikuandikia kwamba ulianza kuandika kwa kupenda haki. Wewe umesema ulianza kwa sababu mkaguzi wa shule alikuudhi ukataka kumwua mahali ambapo hutafungwa. Nilicheka peke yangu dukani. Swali la nne, nilikufanya mnyenyekevu. Wewe umesema Koplo Ndululu ana akili kuliko polisi wote unaowajua na huoni aibu kusema. Hakuna hata jibu moja nililopata, Mwalimu. Nilikuwa nimemwandika mzee mpole wa kuwekwa kwenye kalenda. Kukuelewa kote nilikojisifia kulikuwa kujielewa mimi.

Halafu la saba. Nimelisoma mpaka nimelishika kwa moyo. "Musyimi alikuwa mwanangu. Jina lake niliweka pale kwa kosa, na kitabu kikichapishwa tena litolewe. Nilimwambia asinitupie udongo. Sijabadilisha."

Chini kabisa umeongeza: "Binti, nakuomba usitie neno ambalo sikulisema. Katika kazi yetu neno moja la ziada humpeleka mtu asiye na hatia kitanzini."

Nilikuwa nimeshaandika barua kwa mama: nitakuja, usiwe na wasiwasi. Iko hapa kwenye droo, haina stampu. Nilikuwa nimejipangia hata nguo ya kuvaa. Nilisema nitasimama, nitasema nilikuuliza ukanijibu, uwongo mmoja tu mbele ya wazee na watoto wapate nyumba. Nikajiambia ni huruma. Kwetu Emali mtu akikuuzia simiti iliyoganda kwa bei nafuu pia husema ni huruma.

Ungekuwa hapa ningekuuliza swali la tisa, nalo si la jarida. Nikiwaonyesha ukurasa wako, namfukuza mwanao kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiuficha, nakuziba mdomo mara ya pili. Ni lipi ungependa nitende? Na kwa mara ya kwanza naacha chini ya swali lako nafasi tupu, jinsi nilivyopaswa kufanya Februari.

Nimekukosea, Mwalimu. Wewe, na mkeo, na huyo Musyimi ambaye sijawahi hata kumwona.

Wakiuru


Emali,
20 Julai 2024

Mama Kasyoka,

Barua hii usiisome mbele ya watu. Ukiwa umeketi na mgeni, iweke kwanza.

Sikuwahi kuzungumza na Mwalimu. Hakuwahi kunijibu hadi ile bahasha uliyonitumia. Yale majibu uliyosoma mbele ya waombolezaji niliyatunga mimi, hapa dukani, kwa sababu jarida lilikuwa linangoja na kwa sababu nilijiona hodari. Maneno kuhusu udongo ni yangu. Hakuyasema. Nilijua hakuyasema siku uliponiandikia mara ya kwanza, nikanyamaza, nikakuacha unishukuru. Kwa kutunga kuna watu wangeniita mjinga. Kwa kunyamaza sina jina la kujipa.

Majibu yake ya kweli ni haya, nimeyarudisha. Yalikuwa yangu kwa anwani tu. La saba litakuumiza. Nilifikiria kulichana, nikaona nimeshaiba vya kutosha.

Nikija tarehe 17, nitakuja kusema haya. Siwezi kusema mengine. Ukitaka nije, nitakuja, hata kama wazee watanifukuza kwa mawe. Ukitaka nisionekane huko maisha yangu yote, pia nitaelewa.

Kuhusu mkono wa Musyimi, mimi si mtu wa kusema kiumo kipo au hakipo. Kwetu tuna kirumi, na bibi yangu alikiogopa kuliko nyoka. Ninachojua ni kwamba aliingia katika boma lile akiamini ameitwa, na aliyemwita ni mimi.

Nisamehe, ikiwa upo msamaha wa namna hii.

Wakiuru Ngure


Migwani,
5 Agosti 2024

Wakiuru,

Nimesoma. Nilikuwa peke yangu.

Nilikasirika siku tatu, nikalima sehemu ambayo haikuhitaji kulimwa. Siku ya nne nikajiuliza ninamkasirikia nani.

Nikwambie jambo. Kabla ya Musyimi nilimzaa Nyamai. Alikaa miezi saba, surua ikamchukua. Mwalimu hakuwahi kumruka. Mtu akimwuliza ana watoto wangapi alisema wawili, wa kwanza amelala pale, na alionyesha kwa kidole. Hata kwa karani wa sensa alisema hivyo, karani akakataa kuandika, wakagombana. Mume wangu hangemwita Musyimi "mwanangu wa kwanza" hata umwekee panga shingoni.

Nilipofika hapo, siku ile nikisoma, nilijua. Ulimi ulisita. Waombolezaji wakadhani ni kilio. Nikatazama nje ya ua nikamwona mwanangu amesimama na kofia mkononi, nikasoma mpaka mwisho kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Kisha nikakuandikia kukushukuru. Sikukuuliza ulizungumza naye lini, wala kwa njia gani, na mtu hana simu. Asiyetaka jibu haulizi. Nilipoona ile bahasha kwenye koti nilijua kuna nini ndani. Nilikutumia ili isiwe mikononi mwangu. Halafu katika barua hiyohiyo nikakuomba uje usimame mbele ya wazee. Nilitaka wewe uuseme uwongo wangu, mtoto wa watu, mimi nikae pembeni na kanga yangu safi. Kwa hivyo usiniombe msamaha kwa sauti kubwa namna hiyo. Tuko wawili.

Usije tarehe 17. Barua yako na ukurasa wa Mwalimu nimempa Musyimi asome. Nilikaa mlangoni asinitoroke. Alisoma, akakunja, akasema, "Mwaitu, nitaongea mwenyewe." Mwaitu ni mama.

Kasyoka


Tawa,
25 Agosti 2024

Kwa Wakiuru Ngure,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Musyimi Kiema. Nivumilie kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto na bado haujazoea.

Mama amesema nikwambie yaliyotokea, kwa kuwa una haki ya kujua. Wazee walikuja, kumi na mmoja. Nilisimama nikasema, "Wazee, yale maneno hayakuwa ya baba. Yaliandikwa na mtu mwingine. Baba alisema nisimtupie udongo, na hakubadilisha, na maandishi yake mwenyewe ni haya." Nikampa Ami Mutisya ukurasa. Alivaa miwani akasoma polepole. Nilidhani atafurahi, maana alikuwa amesema ukweli tangu mwanzo. Akaanza kulia, mzee yule. Akasema, "Ndugu yangu alikuwa mgumu. Hata tukiwa wadogo alikuwa mgumu."

Niliwaambia pia kwamba hata mimi nilijua. Niliposikia "wa kwanza" nikiwa kwa jirani, nilijua. Namjua Nyamai, nimesimuliwa habari zake maisha yangu yote. Lakini mama aliponiita niliingia, na udongo niliutupa nikijua. Kwa hivyo hilo lisikuelemee wewe peke yako. Ulifungua mlango kwa makosa, ila mwenye kuingia ana macho.

Wazee waliongea mpaka saa kumi. Wakasema kiumo cha baba hawana mamlaka ya kukifuta. Hapo mama akainuka. Akasema, "Mwalimu alisema lake. Mimi nilimbeba, na langu hamjaniuliza." Akanijia, akanitemea mate ya baraka kifuani mara mbili, akataja majina ya mama zake, akakaa. Hakuna aliyemzuia. Mhubiri wangu wa Tawa akijua sijui atasemaje, nami sitamwuliza.

Uamuzi ni huu. Mama akiwa hai, boma ni lake na mimi naingia. Kujenga hapana. Matofali nimeipa shule ya chekechea iliyo karibu. Mama akiondoka, tutaanza kuongea upya, na huenda sitakuwa na mtu wa kuinuka. Siwezi kusema nimeonewa. Baba alijua alichoandika.

Sasa nina ombi, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Nimesoma ukurasa wa baba mara nyingi. Ile ya mkaguzi wa shule ilinichekesha, na mimi baba yangu hajawahi kunichekesha. Nikagundua simjui mtu huyu. Dada, sijawahi kusoma kitabu chake hata kimoja. Nilikuwa nikiviona mezani, nikijua jina langu liko ndani ya kimoja, nikisema nitasoma kesho. Kile cha sita nilikitia motoni bila kukifungua. Kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani na sikufungua hata fundo. Watu waliimba.

Madukani havipatikani tena. Mama alikuwa na nakala, wakati wa matanga watu waliondoka nazo. Kama unazo zako, niazime kwa mpangilio wake, nitazirudisha kwa posta moja moja. Jioni mashine ikizimwa nitakuwa na nafasi.

Mama anasema katika kile cha sita kulikuwa na mwanamke aliyekutwa amekufa kwenye bwawa la Migwani, na Koplo Ndululu alikuwa amebakisha watu wanne wa kuwashuku. Ni hayo tu anayoyajua. Baba hakuwahi kumwambia mtu yeyote ni nani aliyefanya. Katika barua yako ya kwanza kwa baba umesema kuna watunzi waliokufa ambao ungetoa chochote ukae nao saa moja. Mimi ninaye mmoja tu, na ningemwuliza hilo.

Ndugu yako katika Kristo,
Musyimi Kiema